SINEMA YA KAZI YETU NA YULE AISHIKAYE

(Hotuba ya kamati iliyosomwa katika mkutano wa tawi la makarani. Twaichapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao zamu iliwazuia kufika.)



Tumetakiwa tuseme leo juu ya jambo ambalo wengi wetu tunakaa nalo kutwa bila ya kulifikiri. Jambo lenyewe ni kurekodi yale yanayotendeka katika skrini ya kompyuta, yaani kile kioo tunachokikodolea macho tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na kuyafanya kuwa video ambayo mtu mwingine aweza kuitazama baadaye, au hata saa ile ile akiwa mahali pengine. Mzee mmoja wa tawi letu huiita "sinema ya kazi". Jina hilo tumelipenda, kwa sababu katika sinema kuna mtendaji, kuna mwenye kamera, na kuna mwenye mkasi ambaye hukata filamu akaonyesha kipande akitakacho.

Tuanze na kisa, kwa kuwa ndicho kilichofanya kamati ione haja ya hotuba hii. Jina la mwenzetu hatulitaji, wala la pale anapofanya kazi, maana shauri lake halijesha.

Mwenzetu huyu ni karani wa kuingiza oda katika ghala moja hapa mjini. Asubuhi ya Jumatatu aliitwa ofisini akaambiwa ameharibu oda ya mteja mkubwa kwa kufuta mistari iliyokuwa halali. Akaonyeshwa video isiyotimia dakika moja. Ndani yake mshale waonekana wazi ukitembea mpaka penye neno la kufuta, ukabonyezwa, na mistari ikatoweka. "Ni wewe au si wewe?" Akajibu kweli, ni yeye. Akapewa barua ya kuachishwa kazi, akatoka nje saa tatu na nusu akiwa na mfuko wake wa chakula ambao hata hakuufungua.

Alipotujia jioni tulimwuliza swali moja tu: kabla ya hapo kulitokea nini? Akasema kwamba programu ilikuwa imeiandika oda ile mara mbili, na kwamba msimamizi wake mwenyewe alimpelekea ujumbe katika kompyuta akimwambia afute mistari iliyorudiwa. Akafuta. Programu ikala yote, ya kwanza na ya pili. Je, ujumbe ule wa msimamizi umo katika video? Hakujua. Alikuwa amefanya kazi pale miaka minne, na mpaka asubuhi ile hakujua kamwe kwamba skrini yake inarekodiwa.

Tuliandika barua kutaka rekodi nzima ya siku ile. Jibu la kwanza likawa kwamba rekodi ni mali ya kampuni. Tukaandika ya pili, safari hii tukitaja sheria kwa namba zake, nayo ndiyo iliyofungua mlango. Tuliletewa rekodi ya saa mbili na dakika kadhaa. Tuliketi, mjumbe wa chama na karani mwenyewe, tukaitazama kama watu wanaotafuta sindano katika nyasi. Katika pembe ya chini ya skrini, dakika chache tu kabla ya kile kipande walichokuwa wamekikata, ujumbe wa msimamizi ukatokea, ukakaa kidogo, ukapotea. Hata saa ilionekana kandoni mwake.

Barua ya kuachishwa kazi iliondolewa. Lakini siku kumi na moja alizokaa nyumbani hazijalipwa mpaka leo, na hizo twazidai.

Sasa tazameni, ndugu. Rekodi ile ile iliyotaka kumfukuza ndiyo iliyomwokoa. Kilichobadilika ni urefu wake, na watu waliopewa nafasi ya kuitazama. Kwa hiyo wale wanachama waliosema katika mkutano uliopita kwamba chama kipige vita kurekodi kote kabisa, twawaomba wafikiri tena. Sisi hatuoni kwamba mashini ndiyo adui. Twaona kwamba mkasi usiwe mkononi mwa upande mmoja peke yake.

Yafaa tujue mashini hii hufanyaje kazi, maana mtu asiyejua huambiwa lolote. Skrini ya kawaida ya ofisini ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake 2,073,600. Kurekodi ni kuvipiga picha vitone hivyo vyote mara nyingi katika sekunde moja, na desturi ni picha 30. Kama kila picha ingewekwa nzima, sekunde moja tu ingejaza zaidi ya megabaiti 180, na hakuna ghala la kuweka siku nzima. Basi programu hutumia hila. Huweka picha moja kamili, kisha huandika yale yaliyobadilika tu, mpaka ifikapo picha kamili nyingine. Karani anayejaza fomu habadilishi mengi: herufi hapa, mshale pale. Ndiyo sababu video ya kazi yake ni nyepesi sana kuliko video ya mpira wa miguu, na ndiyo sababu tajiri aweza kuziweka za miezi mingi bila gharama kubwa. Zamani nyapara alisimama nyuma ya safu ya watu, na alichoka, na alikwenda kunywa chai. Nyapara huyu hachoki.

Mitambo ya kurekodi si siri wala si ya matajiri peke yao. Katika kompyuta za Windows, tangu Windows 10 ya mwaka 2015, ukibonyeza pamoja kitufe cha Windows, Alt na R, dirisha la programu uliyo nayo laanza kurekodiwa. Mac zina chombo chake, simu za iPhone zinacho tangu 2017, na simu nyingi za Android tangu Android 11 ya mwaka 2020. Iko pia programu iitwayo OBS Studio ambayo haiuzwi, hupewa bure. Kwa hiyo mfukoni mwa wengi walioketi hapa mna kamera ya namna hii sasa hivi, na wengi hawajapata kuigusa.

Juu ya sheria tusidanganyane. Hakuna sheria ya Kenya imkatazayo mwenye kazi kurekodi kompyuta aliyoinunua. Lakini rekodi yenye jina lako na matendo yako ni habari zako pia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda siri za mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, yakupa haki ya kuarifiwa habari zako zitatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, haki ya kupinga zisitumiwe, na haki ya kutaka zilizo za uwongo au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe. Lishikeni neno hilo, kupotosha. Kipande cha sekunde hamsini kilichokatwa katika saa mbili chaweza kuwa cha kweli kila kitone na bado kikapotosha. Kanuni za mwaka 2021 zasema ukiomba kuona habari zako ujibiwe katika siku saba. Ukinyimwa, iko Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na malalamiko yakifika kwake sheria yataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90.

Ya pili ni Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41. Kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa la utovu wa nidhamu, kazi mbovu au udhaifu wa mwili, mwenye kazi lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyi kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale kazini, amchague mwenyewe, asikilize naye. Mwenzetu wa ghalani aliingia peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba aweza kusema, "Ngojeni kwanza, nimwite mjumbe wangu." Tafadhali, neno hilo lifundisheni kwa kila karani mpya kabla hata hajajua choo kiko wapi.

Shauri likifika kortini, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, yataka rekodi ya kompyuta ifuatane na hati ya kueleza ilivyotengenezwa na kwa mashini gani, yenye sahihi ya mtu mwenye dhamana. Hii yatuhusu na sisi. Mwanachama akiwa na video yake ya ushahidi asiikate, asiipambe kwa maandishi wala nyimbo, na ile ya asili aiweke mahali salama. Aandike kando siku, saa na chombo alichotumia.

Wako wenzetu wanaofanya kazi nyumbani kwa wateja wa ng'ambo kwa njia ya intaneti. Wao walikutana na kamera hii mapema kuliko sisi wa ofisini. Katika Upwork, mtu alipwaye kwa saa akitumia saa yao ya kuhesabu kazi, mashini hupiga picha ya skrini yake mara moja katika kila dakika kumi, kwa wakati asioujua. Akitaka aweza kuifuta picha, ila akiifuta hupoteza malipo ya dakika zile kumi. Mpango huo twauona mgumu. Mtu aliyefungua barua ya hospitali ya mama yake kwa dakika moja hulazimika kuchagua kati ya siri ya mama na ujira wake. Hata hivyo una jambo moja ambalo ghala la mwenzetu halikuwa nalo: mfanyi kazi aliambiwa tangu mwanzo, na picha aziona mwenyewe.

Na huko Uholanzi mwaka 2022 palikuwa na shauri lililosikiwa hata mbali. Mtu mmoja aliifanyia kampuni ya Marekani kazi akiwa nyumbani kwake. Akatakiwa awe akiionyesha skrini yake kutwa, na juu ya hayo kamera imtazame uso muda wote wa kazi. Skrini alikubali. Kamera ya uso aliikataa, akisema ni kuingiliwa mno. Akafukuzwa kwamba amekataa kazi. Korti ya Uholanzi ikasema kufukuzwa kwake si halali, ikaamuru alipwe fidia ya euro 50,000 mbali na mshahara wake. Hukumu ya Uholanzi haiwafungi mahakimu wetu, twajua. Lakini inaonyesha kwamba mtu aweza kukubali kupimwa kazi yake na bado akasema, mpaka ni hapa.

Tumesema mengi juu ya tajiri. Sasa tuseme juu yetu wenyewe, maana upande huu una faida ambayo bado hatujaila.

Bwana Salman Khan wa Marekani, mwaka 2004, alikuwa akimfundisha binamu yake hesabu kutoka mbali. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake katika YouTube. Hakuwa na studio. Alirekodi skrini aliyokuwa akiiandika kwa rangi, na sauti yake. Uso wake haukuonekana. Mtu aliweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma, kumsikiliza mara kumi bila kuona haya ya kuuliza. Hayo ya haya ndiyo makubwa kwetu. Wangapi katika sisi wamepewa programu mpya Jumatatu, wakaelezwa mara moja mbio mbio na kijana wa kompyuta, na kufikia Jumatano waogopa kuuliza tena wasionekane wazee? Karani mmoja anayejua akirekodi dakika tano, wenzake thelathini hujifunza kila mtu kwa saa yake.

Tulijaribu sisi wenyewe. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni wanachama hukimbilia vibanda vya intaneti kupeleka hesabu za kodi katika iTax. Wanalipa, na lililo baya zaidi, wanampa mtu wasiyemjua namba zao na neno lao la siri, kwa kuogopa faini ambayo huanzia shilingi 2,000. Basi katibu wa tawi alikaa jioni moja akarekodi skrini yake, hatua kwa hatua, tangu fomu ya P9 mpaka karatasi ya kupokelewa. Dakika tisa. Watu walifurahi sana. Kesho yake mwanachama mmoja akapiga simu kuuliza kwa upole kama katibu ajua kwamba mshahara wake, namba yake ya kitambulisho na ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa shemeji yake akiomba nauli vyote vimo katika video.

Tulicheka, naye alicheka, lakini haikuwa mchezo. Tuliifuta katika kundi la WhatsApp, ila waliokwisha kuihifadhi walikuwa nayo. Siku hizi tumejifunza. Kabla ya kurekodi, zima arifa zote. Funga madirisha mengine. Namba za kweli usizioneshe. Na kama hapana budi, zifunike kwa weusi mtupu, maana ukungu mwepesi huweza kusomeka. Neno la siri usiliandike rekodi ikiwa inaendelea, kwa kuwa katika simu herufi za kibonyezo hung'aa moja moja chini ya kidole. (Ukiona programu ya benki yageuka nyeusi katika rekodi, simu haijaharibika, wenye benki wengi huifunga makusudi.) Na unapoituma kwa WhatsApp, itume kama waraka, si kama video, kwa maana ikienda kama video hubanwa na maandishi madogo hayasomeki tena. Mwanachama amelipia bando lake, asipelekewe ukungu.

Dada mmoja alituuliza hapa mlangoni: je, akiona makosa katika kompyuta ya ofisi, arekodi na kututumia? Jibu letu halitawapendeza wote. Usitume skrini ya ofisi katika makundi. Ndani yake mna majina ya wateja, madeni yao, pengine magonjwa yao, nao wana siri kama wewe, na tajiri atapata sababu halali ya kukutoa. Andika saa na dakika katika daftari lako, mwite mjumbe, nasi tutaitaka rekodi kwa barua. Lakini karatasi yako ya mshahara, masaa yako, likizo yako katika mashini, hizo ni habari zako. Hizo ziweke.

Neno moja zaidi la hatari, nalo ni la wezi. Tangu 2023 WhatsApp yenyewe huweza kumwonyesha mwingine skrini yako mkiwa katika simu ya video. Basi mtu hupiga simu, asema anatoka benki, akaunti yako ina matatizo, bonyeza hapa nikusaidie. Ukibonyeza, anasoma namba ya siri inayoletwa kwa ujumbe kabla wewe hujaisoma. Benki ya kweli haina haja ya kuona skrini yako. Kateni simu.

Tunamalizia na yale tutakayopeleka mezani katika mapatano mapya. Twataka kila mfanyi kazi aambiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili au lugha aijuayo, kwamba skrini yake yarekodiwa na kwa sababu gani. Alama iwepo katika skrini wakati wote wa kurekodi. Saa ya chakula isirekodiwe. Idadi ya siku za kuweka rekodi itajwe, na majina ya vyeo vya wanaoruhusiwa kuitazama yatajwe. Na hili hatutalilegeza: mtu akishtakiwa kwa video, apewe rekodi nzima ya zamu ile, yeye na mjumbe wake, kabla ya siku ya kusikilizwa. Wenye kazi wamekwisha kutuambia nje ya mkutano kwamba rekodi nzima ni kubwa mno kuitoa. Tumewaeleza habari ya vitone. Fomu za karani si kubwa.

Wanachama watakaotaka kujifunza kurekodi waje ofisi ya chama Jumamosi saa nane mchana, kila mtu na simu yake yenye chaji. Katibu ndiye atakayefundisha, na safari hii ameahidi kuzima arifa. Wenye mashauri ya video kazini wabaki sasa hivi, waandikishe majina kwa mjumbe pale mezani.